Chumvi ya Madini kwa Ng'ombe wa Maziwa

Mkulima, ukimwona ng'ombe wako anatafuna mifupa, mbao au mawe, na anatembea kwa kukakamaa kana kwamba viungo vinamwuma, usidhani ni tabia mbaya tu. Mara nyingi mnyama huyo anatafuta madini asiyoyapata malishoni, hasa fosforasi. Mwondolee mifupa hiyo mara moja, maana mifupa ya mizoga huweza kuwa na kimeta, au sumu ya kulegeza mwili mzima na kuua.

Kwa nini hupungukiwa? Kila lita ya maziwa hutoka na kalsiamu zaidi ya gramu 1. Basi ng'ombe wa lita 10 hutoa zaidi ya gramu 10 kila siku. Asipoipata katika chakula, huichukua katika mifupa yake mwenyewe. Na akikosa fosforasi, huchelewa kushika mimba.

Jinsi ya kuchagua

1. Soma maandishi ya mfuko. Yataje kalsiamu, fosforasi, shaba na kobalti, kiasi cha kila moja, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Mfuko usio na maandishi usiununue, hata ukiwa rahisi.

2. Chumvi ya jikoni pekee haitoshi, kwa kuwa haina kalsiamu wala fosforasi. Magadi nayo hayana, na tena magadi ya Bonde la Ufa huwa na floraidi nyingi. Floraidi ikizidi huharibu meno na mifupa na kukakamaza viungo, yaani huleta shida ile ile unayotaka kuizuia.

3. Chumvi ya ng'ombe usiwape kondoo. Shaba iliyomo huweza kuwaua.

Jinsi ya kutumia

Fuata kipimo cha mfuko. Kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa aghalabu ni karibu gramu 100 kwa siku. Kuzidisha si kuponya. Weka chumvi katika sanduku lenye paa, mvua isiiyeyushe, na maji safi yawepo wakati wote. Ng'ombe aliyekosa chumvi siku nyingi mpe kidogo kidogo kwanza. Ng'ombe aliyekaushwa kungoja kuzaa usimwongezee kalsiamu bila shauri la Bwana Mifugo, kwa maana ikizidi wakati huo huweza kumletea homa ya maziwa akizaa.

Chumvi si dawa ya kuchechemea

Ng'ombe akichechemea, kwanza inua mguu, utazame kwato: pengine ni mwiba, jiwe, uozo, au kwato zimerefuka mno. Akitokwa na mate na kuwa na malengelenge mdomoni, huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Usimhamishe; toa habari kwa afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ndama akivimba magoti, mara nyingi ni uchafu ulioingia kwa kitovu. Huyo anahitaji daktari upesi, wala si chumvi. Ili kuzuia, paka kitovu iodini mara anapozaliwa. Dawa za watu za kutuliza maumivu usimpe mnyama yeyote.

Kabla hujatoa fedha yako dukani, mweleze Bwana Mifugo unalisha nini na ng'ombe wako anatoa lita ngapi. Hapo atajua akushauri ununue chumvi ipi.