Diski Moja, Kumbukumbu za Wagonjwa Wengi

Tuchukulie kituo cha afya pale Lizaboni, Songea, kinachotunza kumbukumbu zote katika seva kongwe yenye diski moja. Diski huchakaa, joto, vumbi na umeme unaokatika-katika huiharibu mapema. Ikifa, mganga hajui tena kuwa mgonjwa aliye mbele yake hudhurika na penisilini.

Diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja huendeleza kazi moja inapokufa. Hata hivyo, taarifa ikifutwa kwa makosa, hufutika katika zote mbili. Kwa hiyo nakala rudufu ihifadhiwe nje ya jengo, ifungwe kwa nywila, na ijaribiwe kurejeshwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zilindwe.

Nawe mgonjwa, tunza kadi yako, na umweleze mhudumu dawa inayokudhuru.