Nguvu za kiume: pima kwanza

Ndugu yetu mmoja wa Hirbadaw, Hanang, alinifuata baada ya swala, akanionyesha vidonge vya mnadani visivyo na jina. Mkewe alikwishadhani ametupwa. Nikamuuliza: umepima sukari na presha? Hajapima. Ndugu msomaji, upungufu huu mara nyingi huanzia kwenye mishipa ya damu, na huweza kuyatangulia maradhi ya moyo kwa miaka. Sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwasaidia wengi kwa kipimo cha daktari. Lakini ikikutana na dawa za moyo aina ya naitreti, presha huporomoka, na mtu anaweza kufa. Hakuna haya katika kujitibu! Tulikwenda pamoja hospitali ya Haydom. Sukari yake kabla ya kula: 14.