Nani huendesha mashine ya moyo?

SWALI: Mtoto wa dada yangu atapasuliwa vali ya moyo Dar es Salaam. Tumeambiwa mashine itaendeshwa na mtu asiye daktari. Anaruhusiwa? – Msomaji, Baraka, Fizi

JIBU: Ndiyo, ndugu yangu, na ndivyo ilivyo katika nchi nyingi duniani. Mashine hiyo, iliyofaulu kwa mara ya kwanza mwaka 1953 mikononi mwa John Gibbon huko Marekani, hushika kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa. Mwendeshaji wake huikagua kabla ya upasuaji, hulinda mtiririko, oksijeni na joto la damu, hupima kama dawa ya kuzuia kuganda inatosha, na huandika kila kitu. Hachagui upasuaji wala hashiki kisu. Dawa hutoa kwa agizo la daktari au mwongozo ulioidhinishwa. Lakini akiona hatari na akanyamaza, hawezi kujificha nyuma ya daktari.

Sheria hazifanani. Marekani, baadhi ya majimbo hudai leseni. Uingereza kuna rejista ya hiari tu, jambo ninaloona ni pungufu. Kwa hiyo waulizeni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kama ndiko mtoto anakokwenda: mwendeshaji amesomea wapi, na mwenzake wa kumpokea yupo?

Ulizeni pia aina ya vali mtoto atakayowekewa. Ikiwa ya chuma, mtoto atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na lazima apimwe damu mara kwa mara. Tafuteni huko kwenu maabara ya kipimo hicho kabla hamjasafiri.