Mafuta ya Alizeti katika Chakula cha Samaki: Mlaji Hupata Nini?

Dodoma na Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa kilimo cha alizeti nchini. Kwa mfugaji wa sato au kambale katika mikoa hiyo, mafuta na mashudu ya alizeti hupatikana karibu, ilhali mafuta ya samaki hutoka mbali.

Mabadiliko haya hayakuanzia hapa. Nchini Norwe, mwaka 1990, takriban asilimia 90 ya viambato vya chakula cha samaki aina ya samoni vilitoka baharini. Kufikia mwaka 2013 vilibaki takriban asilimia 30. Samaki wadogo wanaokamuliwa mafuta hawakutosha tena kulisha ufugaji uliokuwa ukipanuka.

Je, samaki hudhurika? Sato hukua vizuri akilishwa mafuta ya mimea, mradi virutubisho vingine vitoshe. Kinachobadilika ni mafuta yaliyomo katika mnofu wake, kwa kuwa hayo hufuata chakula alichokula. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ni omega-6, na karibu haina omega-3. Aina za omega-3 ziitwazo EPA na DHA hutengenezwa hasa na mwani mdogo wa majini, kisha huwafikia samaki kupitia wadudu na viumbe wanaowala.

Upungufu huo una uzito kwa binadamu. DHA hujenga ubongo na macho ya mtoto tangu akiwa tumboni. Wataalamu wa FAO na WHO walipendekeza mwaka 2008 kuwa mjamzito apate angalau miligramu 300 za EPA na DHA kwa siku, kati yake DHA isipungue miligramu 200.

Mfugaji anaweza kutumia mafuta ya mimea kwa muda mrefu wa ukuzaji, kisha akarudisha mafuta ya samaki majuma ya mwisho kabla ya kuvuna. Njia hiyo hurejesha sehemu kubwa ya omega-3.

Ushauri kwa mhudumu wa afya na mgonjwa:

1. Sato wa kufugwa asiachwe. Ni chanzo kizuri cha protini.
2. Mjamzito na mgonjwa wa moyo waongeze dagaa. Wakiliwa wazima hutoa pia kalsiamu.
3. Mwenye shinikizo la damu achague dagaa wasiotiwa chumvi.
4. Samaki achemshwe au abanikwe, kwani kumkaanga humwongezea mafuta.

Mhudumu anapomshauri mgonjwa ale samaki, amuulize pia: samaki gani, naye amelishwa nini?