HELA: ASILI YA NENO NA MAANA YAKE

Mtu akidaiwa gulioni Tarime au Mugumu husema, "Sina hela," na mdai wake hufahamu mara moja kuwa hapati kitu siku hiyo. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao neno hilo limetoka wapi? Mwalimu akiulizwa na watoto, na awajibu hivi.

Zamani rupia moja ilikuwa na pesa 64, na neno pesa asili yake ni Uhindi. Mwaka 1904 Serikali ya Wadachi iliacha hesabu hiyo, ikaigawa rupia katika sehemu 100, kila sehemu ikaitwa Heller. Hilo ni jina la sarafu ya kale ya Udachi, nalo latokana na mji wa Hall, ambako sarafu hiyo ilipigwa kwanza. Katika vinywa vyetu Heller ikawa hela.

Wala sarafu hizo hazikuingia kwa biashara peke yake. Sheria ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897. Mwanzo mazao na kazi vilipokewa. Baadaye ikatakiwa fedha. Kwa mzee wa Kikurya au wa Kiikoma, mali ilikuwa ng'ombe: ndiye wa mahari, ndiye wa heshima. Lakini ng'ombe hagawanyiki katika sehemu mia. Asiye na sarafu ilimlazimu auze mnyama au mazao, ama aende kutafuta kazi ya mshahara. Ndipo kukosa hela kulipokuwa jambo zito.

Wadachi walishindwa vitani, na ngome waliyoijenga Ikoma ikawaponyoka. Mwaka 1921 ikaja shilingi yenye senti 100, na hela zikatoka katika matumizi. Ajabu ni hii: sarafu ilikufa, jina likabaki. Leo hela ni fedha yoyote, hata ile itumwayo kwa simu.

Basi, kukosa hela si sawa na kukataa kulipa. Aliyekosa kweli na amwendee mdai wake kabla ya siku ya ahadi, amwambie atalipa kiasi gani na lini. Mzee wa baraza atamsikiliza. Lakini mwenye zizi lililojaa, naye kila siku husema "sina hela," ajua moyoni mwake kuwa neno hilo halipunguzi deni. Dawa ya deni ni kulipa.