Je, Armstrong Alidesa?

Kuna neno halikosekani mabwenini kwetu: kudesa. Ukichukua kazi ya mwenzako ukaikabidhi kama yako, umedesa. Leo tuingie darasa la muziki, tuone kama Louis Armstrong, gwiji wa jazi, naye alidesa.

Tuna rekodi tatu. Mbili ni za "Dippermouth Blues", za King Oliver na kundi lake la Creole Jazz Band: moja ya Aprili 1923, Richmond, Indiana, kwa kampuni ya Gennett, nyingine ya Juni mwaka huohuo, Chicago, kwa OKeh. Ya tatu ni "Sugar Foot Stomp" ya bendi ya Fletcher Henderson, New York, Mei 1925. Jina limebadilika, wimbo ni uleule.

Anza na zile za 1923. Usikatishwe tamaa na mikwaruzo, hazikutumia maikrofoni. Wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa iliyopeleka sauti moja kwa moja kwenye sindano ya kuchora sahani. Wimbo wenyewe ni bluzi, yaani mizunguko ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Klarineti ya Johnny Dodds ikishapita, msikilize Oliver. Anaongoza mizunguko mitatu kwa korneti yake, akiifunika na kuifunua mdomo mpaka inalia kama mtu.

Sasa linganisha rekodi hizo mbili. Mizunguko hiyo mitatu inafanana mno! Kumbe si kila kitu kwenye jazi hubuniwa papo hapo. Oliver alikuwa na kitu alichokwisha kukitengeneza, akakishika kichwani.

Na pembeni yake, kwenye korneti ya pili, alikuwa kijana Armstrong, anasikiliza. Mwaka 1924 kijana huyo akajiunga na Henderson, na wimbo akaenda nao. Don Redman akaupanga upya kwa bendi kubwa zaidi, saksafoni zikienda pamoja kama kwaya. Ikifika zamu ya Armstrong, anapiga nini? Mizunguko ya Oliver.

Je, amedesa? Mimi nasema hapana. Anayedesa ukimuuliza swali la pili anakwama. Armstrong hakwami: njia ni ya mwalimu wake, lakini mwendo ni wake, umelegea na unatiririka zaidi. Tena hakumficha Oliver. Aliibeba kazi yake mpaka ikawa sehemu ya wimbo, na wapiga tarumbeta waliofuata wakairudia.

Ila usikubali kwa sababu nimesema mimi. Kila rekodi ni kama dakika tatu tu. Imba kimoyomoyo mzunguko wa kwanza wa Oliver mpaka uushike, ndipo uweke ile ya 1925. Halafu njoo tubishane.