Kinywaji Kitamu kwa Mwenye Kisukari: Hesabu ya Vijiko

Mgonjwa mmoja niliyemhudumia alikuwa ameacha soda kwa miezi minne, na bado sukari yake saa mbili baada ya chakula haikushuka chini ya milimoli 13 kwa lita. Muuguzi alipomwuliza anakunywa nini siku hizi, alijibu kwa fahari: juisi ya embe, bilauri mbili kila siku. "Sitii sukari hata punje, sista. Ni tunda tupu."

Hakusema uongo. Lakini bilauri ya juisi nzito ya embe huweza kubeba yapata gramu 30 za sukari, kiasi kisicho mbali na chupa ya soda ya mililita 300. Kijiko cha chai ni gramu 4. Msomaji na apige hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaweka juisi ya matunda na asali katika kundi moja na sukari ya mezani, na ndivyo kongosho linavyoviona.

Tunda likitafunwa, nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Likikamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio, na kilichobaki hupita tumboni upesi. Isitoshe, kinywaji hakishibishi: ni wachache wawezao kula maembe matatu kwa kikao kimoja, ilhali kuyanywa ni jambo la dakika mbili.

Hatukumkataza embe. Tulimshauri ale nusu ya tunda pamoja na mlo, apunguze wali kidogo siku hiyo, kisha apime saa mbili baadaye na kuandika. Kwa watu wazima wengi tunatafuta kipimo kisichofika milimoli 10. Daftari la mgonjwa humfundisha kuliko karipio letu, na kwa kweli sisi watumishi wa afya tumekaripia mno.

Chai huhitaji subira zaidi. Vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 48 kwa siku, na mwenyewe hudhani hanywi kitu kitamu. Apunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, hasa iliki na tangawizi zikiongezwa. Soda zenye vitamu mbadala hazipandishi sukari kwa namna hiyo, ingawa maji yangali bora.

Upo wakati, hata hivyo, ambapo soda ya kawaida ni dawa. Atumiaye insulini au glibenklamidi akitetemeka, akitoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, na kipimo kiko chini ya milimoli 4, anywe mara moja mililita 150 za soda yenye sukari, au maji yaliyokorogwa vijiko vinne vya sukari. Apime tena baada ya dakika 15. Kikiwa bado chini, arudie, na akipata nafuu ale chakula. Ikiwa hakuna kipimo karibu, asisubiri. Soda isiyo na sukari haitamsaidia hapa, kwa hiyo wa nyumbani wazijue chupa zao. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote kinywani: alazwe ubavu na kupelekwa haraka kituo cha afya.